Gauni la Bihogo

Ukifika Nyakatuntu siku zile ukauliza njia ya kwa Theoneste, watu wangekukodolea macho. Lakini ukiuliza njia ya kwa fundi wa marehemu, hata mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani angesimama akuelekeze. Jina hilo Theoneste hakulipenda. Ila majina ya namna hiyo hayaombi ruhusa, na mwenyewe akilalamika ndiyo kwanza yananata.

Hakuchonga majeneza wala hakuchimba makaburi. Alipaka rangi picha. Miaka ya sabini ilipokuwa ukingoni, picha za huku karibu zote zilikuwa nyeusi na nyeupe, na aliyetaka yake iwe na rangi alimpelekea Theoneste, naye akaipaka kwa mkono, kwa rangi ya mafuta ya kwenye tyubu, kijiti na pamba. Aliwapaka maharusi, wanakwaya, watoto wa komunio ya kwanza, na vijana wa mgambo walioaga mwaka sabini na nane kwenda vitani. Kisha zikaja filamu za rangi. Unapiga, unaituma Bukoba, baada ya wiki kadhaa picha zinarudi zinang'aa kama sufuria mpya. Nani tena angehangaika na mtu wa pamba? Waliobaki ni wafiwa. Mtu anakufa, ndugu wanapekua sanduku, wanakuta kipicha kimoja cha zamani, ndipo wanakumbuka kwamba kuna fundi. Mlango wa Theoneste ukawa haupigwi hodi ila na msiba, na msiba ukishachukua picha yake huondoka bila hata kumaliza chai.

Kazi ya kupiga picha na kuzipaka alifundishwa na mzee Cassian, aliyekuwa na studio ndogo mjini Bukoba, mtu mkali wa ulimi na mwepesi wa mkono. Alipoona kijana ameiva, alimpa kibao. Kilikuwa kipande cha plaiwudi tu, chenye urefu wa mkono. Upande wa kushoto Cassian alibandika vijipande vya karatasi ya picha, kuanzia cheupe kabisa hadi cheusi tititi, na katikati vijivu vya kila namna. Upande wa kulia, mbele ya kila kijivu, alipaka rangi inayokifaa. Unaweka kibao kando ya picha, unatafuta kijivu kinachofanana na shavu la mtu, unasoma ng'ambo yake: maji ya kunde, na tone la wekundu. Unatafuta kijivu cha jani la mgomba, unasoma ng'ambo yake.

"Macho yako yana huruma, yatakudanganya," Cassian alimwambia. "Kibao hakina huruma. Kifuate."

Sheria ya pili ilikuwa ya pamba. Ukishapaka, futa. Futa mpaka uone kama umeharibu, na kitakachobaki ndicho rangi. Kwa hiyo picha za Theoneste zilikuwa za upole. Nyekundu yake ilikuwa imenyamaza, na kijani chake kilikuwa kile cha vilima vya Karagwe asubuhi kabla ukungu haujanyanyuka. Walikuwepo walioguna. Mama mmoja alimuuliza kama rangi zilimwishia njiani au ni uchoyo wake tu wa kuzaliwa. Theoneste aliamini kwamba rangi inayopiga kelele inamfunika mtu, na watu walimlipa kwa ajili ya mtu.

Kibao nacho kilikuwa na udhaifu wake, na Cassian hakuuficha. Kijivu kimoja kinaweza kuwa na baba watatu. Nguo ya kahawia iliyokolea, nguo ya kijani kibichi na nguo ya buluu, zote zikipigwa kwa filamu ya nyeusi na nyeupe zaweza kutoka na kijivu kilekile. Hapo kibao kinakuwa bubu, inabidi umuulize aliyekuwepo. Ndiyo maana kila mteja, kabla hajaketi sawasawa, alikutana na swali moja: marehemu alivaa rangi gani?

Msimu wa kahawa wa mwaka tisini na moja alifika mjane mmoja kutoka Ihembe, Placida, na picha ya mumewe ndani ya kitambaa. Swali akalijibu upesi: koti la kijivu, kijivu hasa, na shati jeupe. Alipokuwa anasubiri kuandikiwa siku ya kurudi, macho yake yakapanda ukutani. Palikuwa na picha moja tu, ya mwanamke kijana amesimama mbele ya mibuni, gauni limemfika kwenye vifundo vya miguu. Haikuwa na rangi hata chembe.

"Na huyu ni nani?"

"Mke wangu. Vestina. Alifariki mwaka themanini na moja, kwa uzazi. Mtoto naye hakukaa."

"Pole, baba." Placida akaitazama tena. "Mbona yeye hukumpaka?"

"Sijapata nafasi."

Mjane akageuza shingo polepole, akaona kigoda kimoja, sahani moja imefunikwa kwenye ungo, kitanda cha mtu mmoja nyuma ya pazia. Nafasi ilikuwa imejaa nyumba nzima. "Kinyozi hajinyoi," akasema, na wala hakuwa anamcheka. Akaaga.

Basi maneno hayo yalimkaa Theoneste kooni siku ile nzima. Ukweli ni kwamba nafasi aliipata, tena mara nyingi. Aliiteremsha picha ile kila mwaka, akaweka kibao kando yake, akapaka uso kwa mawazo tu bila kugusa, akapaka mibuni kwa mawazo, akafika kwenye gauni, akasimama. Kijivu cha gauni kilikuwa palepale penye baba watatu. Na yeye, mume, aliyeipiga picha ile kwa mkono wake, hakujua gauni la mke wake lilikuwa la rangi gani.

Usimcheke haraka. Picha aliipiga mwaka sabini na nane, Jumapili ya kwanza Vestina alipotoka nje. Bibi harusi wa huku hukaa ndani kwanza baada ya harusi, akilishwa na kutunzwa, na siku anapotoka kwenda kanisani watu humtazama kama mwezi mwandamo. Theoneste alimsimamisha mbele ya mibuni ya padri. Mawingu yalikuwa yanakuja na kuondoka, na filamu ilikuwa imebaki pozi moja. Alitazama mwanga. Alitazama kivuli cha pua. Gauni hakulitazama, kwa sababu gauni lingekuwepo kesho na keshokutwa, angelitazama akipenda. Vestina alilivaa sikukuu chache, akalikunja, akaliweka sandukuni. Alipofariki, wanawake walimvika lilelile, na Theoneste alipoitwa kumuaga alikuwa ameshafunikwa shuka mpaka kidevuni. Filamu yenyewe iliingia unyevu ikaota ukungu, ikabaki picha hiyo moja. Miaka kumi ya kuitazama ikala kilichokuwa kimesalia kichwani. Akifumba macho leo anamwona Vestina wa kijani, kesho wa buluu, na mara nyingi zaidi anamwona wa kijivu, anapika kijivu, anacheka kijivu. Hilo ndilo lililomuumiza. Alitaka awe na Vestina mmoja ndani ya nyumba ile ambaye ana rangi yake mwenyewe, basi, hakutaka kingine.

Mtu wa kumuuliza alikuwepo mmoja, Xaveria, dada mkubwa wa Vestina, kule Kibingo. Ni yeye aliyelishona gauni. Baiskeli ingemfikisha huko kwa nusu siku. Lakini Theoneste alikuwa hajakanyaga Kibingo tangu matanga, na hata kabla ya matanga alikuwa akipakwepa.

Kisa kilikuwa ng'ombe. Theoneste alikuwa mtoto wa watu waliovuka mpaka kutoka Rwanda, akakulia katika vibarua vya kahawa za watu. Alipomchumbia binti wa mzee Byarugaba, Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, mwenye kibanja chake cha migomba na mibuni, hakuwa na cha kuringia. Alihangaika mpaka akapata mtamba mmoja, akampeleka Kibingo pamoja na vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi aliyoikamua mwenyewe. Mzee alipokea, akashukuru, harusi ikafungwa. Siku chache tu baadaye mtu mmoja akamwambia Theoneste: ng'ombe wako nilimwona mnadani kabla ya harusi yako, anauzwa. Hata mwezi hakumaliza zizini! Ng'ombe wa mahari ni wa kuzalisha, ni wa kutajwa kwa jina mbele ya wageni. Kumuuza upesi hivyo ni kusema hafai. Ng'ombe wa maskini hazai, Theoneste alijiambia, na huyu hata kupewa muda wa kujaribu hakupewa. Hakumwambia mtu, hata Vestina. Kila mke alipotaka waende Kibingo, yeye alikuwa na kazi nyingi. Mke akaenda peke yake, akarudi peke yake.

Wiki moja baada ya Placida, alipanda baiskeli.

Xaveria alikuwa uani, anageuza kahawa kwenye jamvi. Mvi zilikuwa zimeanza kumtoka. Alimwona tangu mwanzo wa njia ya kibanja lakini akaendelea na kahawa yake mpaka mtu alipofika karibu kabisa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo jua limechomoza wapi?" Akajifuta mikono. "Karibu, waitu, ndugu yetu. Kaa hapo kivulini."

Theoneste akakaa. Aliulizwa habari za Nyakatuntu, akajibu nzuri. Aliulizwa kama ameoa, akajibu hapana. Ndizi za kuchoma zikaja, akala nusu. Jambo lenyewe lilikuwa linamsumbua mdomoni. Utamwambiaje shemeji yako kwamba uliishi na mdogo wake na hukumbuki alichovaa?

"Unalikumbuka lile gauni la Vestina?" akasema mwisho. "La Jumapili ya kwanza?"

"Nililishona kwa mkono, mashine ilikuwa mbovu. Nitalisahauje?"

"Lilikuwa la..." Akaishia hapo.

Xaveria akamwangalia, kisha akainama tena kwenye jamvi. "La bihogo," akasema.

Bihogo! Kwa watu wa ng'ombe, iwe Karagwe au kwao Rwanda, neno hilo halina utata. Bihogo ni ng'ombe mwekundu wa kahawia, aliyekolea kama udongo uliolowa mvua. Na watu wa huku nguo pia huzitaja kwa rangi za ng'ombe, maana ng'ombe walikuwepo kabla ya maduka. Katika baba watatu wa kijivu kile, mmoja alikuwa kahawia iliyokolea. Theoneste alihisi kitu kimefunguka kifuani. Hakuuliza la pili. Aliinuka, akashukuru mara mbili, Xaveria akiwa bado anafungua mdomo kutaka kusema jambo, na kabla kahawa haijageuzwa yote baiskeli ilikuwa imeshafika barabarani.

Alimpaka Vestina kwa siku tatu za jua zuri, mlango wazi. Uso kwanza, maji ya kunde, na wekundu kidogo mno mashavuni. Mibuni kwa kijani cha asubuhi. Kisha gauni. Alichanganya kahawia na nyekundu, akapaka, akachukua pamba akafuta, akafuta tena, mpaka bihogo ile ikatulia juu ya nguo kama vile ilizaliwa nayo. Akarudi nyuma hatua chache. Ndiyo! Ndivyo lilivyokuwa! Sasa alilikumbuka: lilivyopita mlangoni, lilivyoshika vumbi la njia ya kanisani. Binadamu ni kiumbe wa ajabu. Ukimpa jibu, atakutafutia kumbukumbu ya kulithibitisha, tena atakuapia. Jioni zile Theoneste alikula akiwa ameigeukia picha. Alizungumza nayo kidogo. Hakuna aliyemsikia, na hata angesikika pasingekuwa na neno, maana ilikuwa ni habari ya chumvi tu na mvua.

Furaha ya mtu mpweke ina kasoro moja, haina wa kumwonyesha. Akaifunga picha kwenye gazeti, akarudi Kibingo kumshukuru shemeji yake.

Safari hii Xaveria alikuwa sebuleni. Alilifungua gazeti juu ya meza, akaiona picha, akaweka kiganja mdomoni. Alitazama muda mrefu. Machozi yakaja, na katikati ya machozi kikaja kicheko ambacho Theoneste hakukitarajia.

"Shemeji, umemvika ng'ombe!"

"Si ulisema la bihogo?"

"Nilisema la Bihogo. Bihogo, yule mtamba wako! Baba alimwita hivyo kwa sababu ya rangi yake. Lile gauni lilinunuliwa kwa Bihogo."

Katika kusema hakuna herufi kubwa wala ndogo. Theoneste alikuwa bado amesimama.

"Keti," Xaveria akasema, naye akaketi, akaanza kumweleza taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Vestina alikwenda kwa baba yao kabla ya harusi. Akamwambia, mume wangu mtarajiwa ni mpiga picha. Siku nikitoka ndani atanisimamisha mbele ya kamera yake, na mimi nguo nilizonazo ni za kuazima. Sitaki kubaki kwenye picha yake na nguo ya mtu mwingine. Mwaka ule kahawa ilikuwa imeharibika, nyumbani hapakuwa na kitu cha kuuza ila mtamba aliyetoka kufika. Mzee Byarugaba alikasirika, akasusa chakula. Kisha akakubali.

"Ila akatufunga midomo. Binti kuvaa mahari yake mwenyewe si heshima, wazee wangesema amejinunua. Akasema hata mume asijue. Vestina hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Alikuwa mtiifu mno, yule." Akapangusa macho kwa pindo la kanga. "Lakini ulijua ng'ombe ameuzwa?"

"Nilijua." Theoneste akaitazama picha mezani. "Nilidhani mmemdharau. Nilidhani mmeona ni ng'ombe wa mkimbizi."

Xaveria akamgeukia mzima mzima. "Ndiyo maana hukuja?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Baba alikuwa anakaa pale," Xaveria akasema, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Kila sikukuu. Akiona baiskeli barabarani anauliza, si mkwe yule? Mpaka anakufa aliamini ulijua siri, ukachukia kwa sababu alimuuza. Alitaka kukuomba radhi."

Theoneste aliinamisha kichwa. Alilia mbele ya shemeji yake bila kujificha, mwanaume mzima, na Xaveria hakumwambia anyamaze. Walilia pamoja, kila mmoja na kilio chake. Uani kuku walikuwa wamepanda kwenye jamvi la kahawa na hakuna aliyetoka kuwafukuza.

Walipotulia, Theoneste akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mara ya kwanza, waziwazi, kama anavyomuuliza kila mteja. "Dada, lilikuwa la rangi gani?"

Xaveria akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama dari.

"Kitambaa kilikuwa kizito kidogo," akaanza. "Pindo nilikunja mara mbili ili tulirefushe akipata mimba. Vifungo vilikuwa sita, kimoja hakikufanana na wenzake, nikakiweka chini kabisa. Alisimama hapo nikimpima, akasema nisimbane, anataka kupumua akipigwa picha." Alikuwa anaisogeza mikono hewani kama ameshika sindano. "Rangi... nadhani kijani. Au ile buluu ya... Hapana." Mikono ikashuka mapajani. "Nimelishona mwenyewe, shemeji. Sikumbuki."

Hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kuulizwa.

"Nitaifuta," Theoneste akasema. "Rangi ya gauni inafutika, nina dawa yake. Nitaliacha kijivu."

"Usifute!" Xaveria akaivuta picha kifuani. "Liache hivyo. Alimvaa Bihogo, na aonekane amemvaa." Kisha akaishusha, akaisogeza mbali kidogo na uso, macho yake yakiwa hayaoni vizuri kwa karibu. Akapitisha kidole juu ya shavu la Vestina bila kuligusa. "Unajua sisi hatuna hata moja? Nilikuwa nimeanza kumsahau. Nilidhani alikuwa mkubwa. Tazama, mtoto tu!"

Akainuka nayo. Akatafuta mahali, akaondoa kalenda ya mwaka uliopita ukutani, akaiegemeza picha kwenye rafu karibu na msalaba, akarudi nyuma kuitazama. Theoneste naye aliitazama, mkono wake ukiwa nusu umenyooka, gazeti la kufungia likiwa bado mezani.

"Umemleta mdogo wangu nyumbani," Xaveria akasema. Kisha likamjia wazo, akageuka kwa wasiwasi. "Kwako umebaki na nyingine, si ndiyo?"

"Ninazo," Theoneste akasema.

Akalikunja lile gazeti, akalitia mfukoni. Akamwambia asiiweke mahali panapopigwa na jua, na asiipanguse kwa kitambaa chenye maji. Xaveria akaitikia kila neno huku bado ameigeukia picha. Theoneste akatoka uani, akawafukuza kuku kwenye kahawa, akachukua baiskeli yake.